Chupa Zilizokwenda Kusomewa

Mize binti Bakar hakuwa mtoto mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu mji mzima wa Ole, hapa Pemba, ulikuwa na maoni mengine. Ndiye aliyemfundisha kasuku wa mjomba wake Khatib kusema "Khatib, hujasali!" na kasuku yule, asiyekuwa na haya hata chembe, akawa anayapayuka maneno hayo kila alfajiri mpaka yanasikika msikitini. Mjomba Khatib, mtu asiyepitwa na sala hata siku moja, alizunguka mji mzima akijieleza kwa watu. Mize alipoulizwa alisema labda kasuku ameota.

Aliyemlea ni bibi yake, Bi Kazija, mzaa mama. Mamake Mize alifariki mtoto bado ananyonya, na babake akahamia Unguja akaoa huko. Basi Bi Kazija ndiye aliyekuwa mama, ndiye baba, na katika ugomvi wowote wa nyumba ile ndiye mahakama ya rufaa. Mjomba Khatib alikuwa mwanawe wa kumzaa, ana ndevu na watoto wake, lakini akimjibu mamake huanza kwanza kwa kukohoa.

Ugomvi mkubwa wa mwaka ule, na ilikuwa miaka ile ya mwisho ya hamsini, ulimhusu Mize mwenyewe. Alikuwa anamaliza skuli ya kati, na alikuwa anataka kwenda chuo cha ualimu Unguja. Alikitaka chuo kile mpaka usingizi unamruka. Mjomba Khatib naye alikwisha kumpatia mume: Msellem, muuza samaki wa Tumbe, aliyekuwa akija Ole kwa baiskeli na tenga nyuma, kengele anaipiga tangu hajaonekana. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Kosa lake ni kwamba kila akimwona Mize alikuwa akitoa meno yote nje na kusahau alichotaka kusema.

"Mtoto wa kike kashasoma, kaandika, kajua na Kiingereza," Mjomba Khatib alisema. "Anatafuta nini tena? Uliwali?"

Bi Kazija alikuwa hajaamua. Hakuwa na chuki na skuli, ila alikuwa na shaka nayo. Alitaka kujua kama hiyo wanayoiita elimu ni elimu kweli, au ni kupoteza wakati wa watu.

Ndipo alasiri moja akafika Mwalimu Nyange na baiskeli yake, jasho linamtoka. Mwalimu Nyange alikuwa akisomesha sayansi skulini kwao. Wazee wake walitoka bara kuja kuchuma karafuu wakabaki, na yeye alizaliwa papa hapa Pemba, ila alisomea Unguja na kule ndiko alikojifunza kuzungumza kwa mikono. Akapiga hodi, akasalimu, akaulizwa hali ya mkewe, ya watoto, ya baiskeli, na mwisho akapewa nafasi ya kusema. Wataalamu wa mataifa yote walikuwa wanakutana Unguja. Kila skuli ya visiwani ilitakiwa ipeleke wanafunzi wawili wakaonane nao. Skuli yao imewachagua Mize na mwenzake Mwanawema.

"Ni watu gani hao?" Bi Kazija aliuliza, mikono yake bado inasuka ukili.

"Bi Kazija, hao ni wenye elimu hasa! Kuna wa Uingereza, wa Urusi, wa Bara Hindi, wa Japani. Elimu ya bahari, elimu ya maji, elimu ya miti. Hapana aliye juu yao duniani."

Bi Kazija akauweka ukili chini. "Hapana aliye juu yao?"

"Hapana, Bi Kazija."

Masikini Mwalimu Nyange! Alisahau anazungumza na nani. Kwetu mtu hasifiwi elimu hivi hivi ikapita. Mwenye elimu hupelekewa maji. Unachukua chupa yako safi, unakwenda kwake kwa adabu, unamweleza shida yako. Yeye anayasoma anayoyajua, anapuliza chupani, anakupa masharti, unarudi kwako ukanywe au ukaoge. Sasa elimu isiyoweza kusomea hata maji, hiyo itakuwa elimu gani?

"Basi nimeamua," Bi Kazija alisema. "Khatib anataka uolewe, Mwalimu anataka usome, na mie nimechoka kusikiliza wanaume. Utachukua chupa ya maji ya kisima chetu. Utampa mkubwa wao, mkubwa hasa, si mpambe wake. Akiyasoma akayapuliza, nitajua ni mtu wa elimu, na weye utasoma mpaka uote mvi. Akishindwa, basi hao hawana kitu, wamekuja kula biriani la serikali. Utarudi, na mavuno yakimalizika utaolewa na Msellem."

Mjomba Khatib alikohoa. "Lakini mama, Nasara atasoma nini?"

"Elimu ni ya Mungu, humpa amtakaye. Au weye ndiye unayemgaia?"

Mjomba Khatib akatazama nje.

Mize aliinamisha kichwa kwa heshima, na akilini mwake mambo yalikwisha malizika. Chupa itakwenda Unguja, itarudi, atasema imesomewa, kwisha habari. Alikuwa karibu kutabasamu bibi yake aliposema, "Na Mwanawema ndiye atakayekuwa shahidi."

Lahaula! Mwanawema alikuwa amehifadhi msahafu wote, na tangu auhifadhi uongo ulikuwa haumtoki hata wa heri. Ni yeye aliyemwambia bibi harusi, mbele ya kadamnasi, kwamba hina haikumkubali. Kumwomba Mwanawema aseme uongo ni sawa na kumwomba jogoo anyamaze.

Jambo likisemwa nyumbani kwa Bi Kazija halilali humo. Kesho yake asubuhi Bi Siti, jirani, akaleta chupa yake, kwa sababu kuku wake walikuwa wanaatamia na mayai hayaanguliwi. Mzee Jaribu akaleta mbili kwa ajili ya dume lake la mchezo wa ng'ombe. Lilipelekwa uwanjani liwakimbize wachezaji mbele ya watu wote, likasikia zumari, likalala. Ilikuwa ni wakati wa siasa kali, watu wa chama hiki hawanunui dukani kwa mtu wa chama kile, wengine hata kuzikana hawazikani. Lakini chupa zao zilikaa kikapu kimoja bila ugomvi.

Msellem naye alileta yake. Hakumpa Mize, alimpa Mwanawema pembeni, akamnong'oneza, akapanda baiskeli akaondoka bila kupiga kengele.

"Kasema nini?" Mize aliuliza.

"Anataka isomewe ili umpende, kisha nikutilie kwenye chai."

"Na weye ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitakwambia ukiniuliza."

Wakapanda meli Wete. Mwalimu Nyange alikitazama kikapu kikigongagonga. "Mmebeba nini?"

"Maji, Mwalimu."

"Unguja kuna maji, jamani!"

"Si kama haya, Mwalimu," Mize alisema, na hapo alikuwa mkweli kabisa.

Njia nzima Mwalimu Nyange aliwakaririsha swali moja la Kiingereza, alilolitunga mwenyewe na kulipiga pasi: sayansi ina umuhimu gani katika maendeleo ya visiwa vyetu? "Wala usiongeze neno, Mize," alionya. "Wala usicheke. Heshima ya skuli iko mdomoni mwako." Mize aliapa. Alipoapa Mwanawema alimtazama kwa huruma.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na umejaa watu wa kila rangi. Kulikuwa na ramani za chini ya bahari, na samaki wa ajabu ndani ya mitungi ya vioo. Wanafunzi wa mjini, nguo zao zimenyooshwa mpaka zinakata, walikitazama kikapu cha ukili wakabonyezana. Mize hakuwajali. Alikuwa anatafuta mkubwa wao, na mara moja akamwona: Mzungu mrefu, ndevu nyeupe hadi kifuani, anapita katikati ya watu kwa makeke. Huyo hata mjomba Khatib asingembishia.

Akamfuata na kikapu chake, Mwanawema nyuma. "Samahani, Bwana. Wewe ndiye mkubwa wao?"

Mzungu alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Akawaonesha kamera iliyomning'inia tumboni. "Mimi? Mimi napiga picha tu. Mkubwa wao yule pale." Akanyoosha kidole pembeni ya ukumbi, kwenye kimeza kidogo. "Hawa wote unaowaona wamesoma vitabu vyake. Mimi mwenyewe namwogopa."

Kwenye kimeza alikaa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa sari ya rangi ya udongo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, anatafuna karanga kutoka kwenye kipande cha gazeti. Ndiye Dakta Malathi, aliyetoka pwani ya kusini ya Bara Hindi, na elimu yake ilikuwa ni viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho.

Mize alisimama pale moyo umemwanguka. Mwanamke! Tena kadogo! Alikisikia kicheko cha mjomba Khatib tokea Ole. Alitaka sana amrudie yule wa ndevu amwombe apulize hivyo hivyo, lakini Mwanawema alikuwa kando yake, macho wazi, anashuhudia.

Wanafunzi walikwisha kupanga mstari mbele ya kimeza. Wa kwanza akauliza: sayansi ina umuhimu gani katika maendeleo ya visiwa vyetu? Dakta Malathi akamjibu vizuri, kwa urefu. Wa pili akauliza: sayansi ina umuhimu gani katika maendeleo ya visiwa vyetu? Akajibiwa kwa ufupi. Kumbe walimu wa Unguja na Pemba wote waliota ndoto moja! Wa tatu alipouliza, Dakta Malathi alitia karanga mdomoni, akasema, "Mkubwa."

Ikafika zamu ya Mize. Mwalimu Nyange, amesimama nyuma yao, aliitikia kwa kichwa kumtia moyo. Mize akaweka chupa juu ya meza.

"Mama Daktari," alisema kwa Kiingereza, "naomba unisomee maji."

Mwalimu Nyange alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa darasani.

Dakta Malathi hakushangaa. Kwake yeye hakuna kitu kitamu kuliko chupa ya maji asiyoyajua. Alijifuta mikono kwa sari, akavaa miwani, akachukua tone akaliweka juu ya kipande cha kioo, akakitia chini ya darubini yake, ile ya kukuzia vidogo. Akainama. Kisha akaanza kunong'ona. "Paramesiamu... vortisela... aa, saiklopsi... vortisela tena..."

Mwanawema akasogea, akatega sikio. "Anasoma lugha gani?" alimnong'oneza Mwalimu.

"Kilatini," Mwalimu Nyange alijibu, kajifunika uso kwa kiganja.

Dakta Malathi alisoma sana. Alipomaliza akakitoa kile kioo, akaona vumbi juu yake, akapuliza. Pu! Mize akageuka kumtazama shahidi wake, uso wote furaha.

Mwanawema akatikisa kichwa. "Kapuliza kioo. Hakupuliza chupa."

Hapo Mize alishindwa. Utundu wote ulimwisha, machozi yakamlenga pale pale mbele ya mataifa. Akayamwaga yote, Kiingereza kinakatika njiani na Kiswahili kinajaziliza: bibi yake, chupa, mjomba, Msellem na meno yake, chuo, na huyu Mwanawema asiyejua kudanganya. Aliona aibu kubwa, na hata hivyo hakunyamaza, kwa sababu chuo kile alikitaka kuliko aibu yake.

Dakta Malathi alivua miwani. "Bibi yangu," alisema polepole, "alikuwa akinipeleka kwa mzee mmoja kila nikiwa na mtihani. Mzee yule akinipulizia alikuwa ananitemea mate mpaka puani. Na nilikuwa nafaulu, ndilo jambo linaloniudhi." Akakisogeza kiti. "Kwenu, msomaji akishamaliza kusoma hufanya nini?"

"Hupuliza. Kisha hutoa masharti."

"Masharti," alirudia Dakta Malathi, na machoni mwake pakawaka kitu ambacho Mize alikijua vizuri, kwa sababu alikuwa akikiona kila siku kwenye kioo cha kujitazamia. "Basi mimi ninayo masharti. Njoo kwanza uangalie."

Kile kioo kikarudishwa mahali pake, Mize akaweka jicho kwenye darubini, akaruka nyuma akamkanyaga Mwalimu Nyange. Mule ndani ya tone moja kulikuwa na wadudu, hai, wana mikia, wanakimbizana!

"Hao ndio mnaowanywa," Dakta Malathi alisema. "Sasa sikiliza masharti yangu uyafikishe kama nitakavyoyasema." Akamtajia moja moja, kisha akatazama kushoto, akatazama kulia kama wenzake hawamwoni, akaichukua chupa ya Bi Kazija, akapuliza ndani yake mara tatu, barabara, kama aliyezaliwa Ole. Mwanawema akaitikia amina.

Kisha zikafuata zilizobaki kikapuni. Profesa mmoja mzee wa Kirusi alipita, akamkuta mkubwa wao anapuliza chupa za dume la Mzee Jaribu, akauliza ni utafiti gani huo. "Ni njia ya kienyeji," Dakta Malathi alijibu bila kucheka, na mzee akatoa kalamu akaandika. Mwisho ikabaki ya Msellem. Ilikuwa chupa ya mafuta ya taa, hakuisafisha vizuri. Dakta Malathi aliitazama sana chini ya darubini, akatikisa kichwa. "Humu hamna kitu kilicho hai. Imwage."

Waliporudi Ole, kesi ilisikilizwa baada ya sala ya Ijumaa. Bi Kazija alikaa kitandani, chupa yake mapajani. Mjomba Khatib alikaa kwenye kiti. Mwanawema alisimama katikati.

"Mkubwa wao ni nani?" Bi Kazija aliuliza.

"Ni mwanamke," alisema Mwanawema.

Mjomba Khatib alipiga makofi kwa furaha. "Mwanamke! Sikusema mimi? Mwanamke ndiye mkubwa wao! Mama, mpelekee habari Msellem aanze kutafuta kitanda."

Bi Kazija hakumtazama. "Mwanamke wa namna gani?"

"Wa Kihindi. Mdogo wa umbo, hamfikii Bi Siti."

"Na wanaume walikuwepo?"

"Tele. Wenye ndevu pia. Mmoja alisema mwenyewe kwamba anamwogopa."

Bi Kazija akaizungusha ile chupa mkononi. Katika maisha yake alikuwa amepeleka maji kwa wanaume wengi, akasubiri barazani kwao jua linamchoma, na hata mara moja hakuwahi kumkuta mwanamke ndani. "Alisoma?"

"Alisoma sana, kwa lugha nisiyoijua."

"Akapuliza?"

"Mara ya kwanza kioo, nikakataa. Mara ya pili chupani. Nimeona kwa macho yangu."

"Mize. Alitoa masharti?"

"Alitoa, Bibi," Mize alisema. "Magumu. Maji haya yasinywewe mpaka yawekwe motoni yatokote. Tena si haya tu. Maji yote ya kisima, siku zote, nyumba zote. Asiyefuata asimlaumu mtu kwa tumbo lake."

Bi Kazija alijipiga paja mpaka kasuku akashtuka. "Huyo ndiye! Wale wanaoniambia 'kanywe tu, bibi,' siku zote nimewajua kuwa hawana kitu. Mwenye elimu lazima akutaabishe!"

"Lakini mama," Mjomba Khatib alikohoa, "kuni zote hizo ataleta nani?"

"Weye."

Na ikawa hivyo. Ole ikachemsha maji. Kuku wa Bi Siti hawakuangua ng'o, naye akasema labda hakuyatokotesha vya kutosha. Dume la Mzee Jaribu liliendelea kulala. Lakini matumbo ya watoto yalipungua kuuma, na sifa zote akapewa mwanamke wa Kihindi aliyepuliza. Msellem alipokuja na tenga lake, Mize alimfuata mwenyewe, kwa adabu, akamrudishia chupa yake tupu.

"Daktari kaiangalia sana, kaka Msellem," alisema. "Kasema humu hamna kitu kilicho hai."

Msellem alimtazama, akaitazama chupa. Mara hii meno hayakuonekana. Alipanda baiskeli akarudi Tumbe, na baada ya mwaka akaoa huko huko mwanamke aliyempenda bila maji.

Mize akaenda chuo. Asubuhi ya kuondoka alimwona bibi yake anaiosha ile chupa kwa majivu, anaifuta, anaipandisha juu ya kabati. Alitaka kuuliza ni ya nini, akajizuia.

Aliporudi alikuwa Mwalimu Mize, na ilikuwa mwaka wa sitini na tatu. Alipangiwa skuli ya karibu na kwao, na katika sanduku lake alileta darubini kuukuu aliyopewa chuoni, lenzi moja ina ufa. Siku ya kwanza aliyoiweka mezani mbele ya watoto, mlango wa darasa uligongwa. Bi Kazija aliingia na bakora yake, buibui begani, na ile chupa mkononi imejaa maji. Akaiweka juu ya meza.

"Haya, Mwalimu," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Nisomee."

Mize alichukua tone, akaliweka, akainama. Akatafuta huku, akatafuta kule. Hapakuwa na kitu kinachotikisika.

"Bibi," alisema, "humu hamna cha kusoma. Hamna hata mdudu mmoja."

"Nitawaachaje wawemo, na mie nimechemsha? Miaka yote hii nimefuata masharti, hata uliponiacha peke yangu na Khatib na kuni zake." Bi Kazija akajikalisha kwenye dawati la mbele, baina ya watoto wawili. "Soma hivyo hivyo."

Mize akainama tena juu ya darubini asiyoona kitu ndani yake, akanong'ona majina ya wale wasiokuwemo: paramesiamu, vortisela, saiklopsi, vortisela tena. Aliyasoma yote aliyofunzwa, hata moja hakuliacha. Alipomaliza akainua uso, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akaisogeza chupa kwa bibi yake.

Bi Kazija hakuipokea.

"Hujapuliza," alisema.

Na Mwalimu Mize binti Bakar, mbele ya darasa zima, akapuliza.